Mume wangu anapenda nyota kuliko mpira, nimpeleke wapi huku kusini kwa wikendi moja? Naombeni ushauri

Mama Vitenge MTW

Habari zenu humu ndani, poleni na majukumu. Mi ni mkazi wa Mtwara mjini, nina kibanda changu cha vitenge, mume wangu ni dereva wa semi. Akiondoka na mzigo ni wiki, saa nyingine mbili, akirudi analala, anacheza na watoto, jumatatu alfajiri kaondoka tena. Mwezi wa nane tunatimiza miaka kumi ya ndoa na nimesema safari hii sitaki kumnunulia shati.

Sasa huyu mtu ana ugonjwa wa nyota. Anasema ilimuanza zamani akiwa tingo, gari ikiharibika porini wanatandika turubai juu ya mzigo wanalala huko huko, mzee aliyekuwa anaendesha akawa anamuonyesha kile ni kilimia, ile ni nge, ule ni msalaba. Basi mpaka leo akiwa nyumbani ukiona kimya ujue yupo uani shingo juu, mbu wanamla hana habari. Kuna video kanionyesha mpaka nimeikariri, nyumba moja huko Uholanzi mtu katengeneza sayari kwenye dari ya sebule yake zinatembea zenyewe. Na zingine za yale majumba yenye kuba unalala kwenye kiti wanakuonyesha nyota juu, planetariamu. Kila siku anasema siku nikipata hela nitakupeleka mke wangu, mi nataka nimuwahi.

Anakuwepo ijumaa usiku mpaka jumapili usiku. Watoto wanaenda kwa bibi yao Naliendele. Bajeti yangu laki tatu na nusu, isizidi hapo jamani biashara yenyewe mnaijua. Shoga yangu anasema nimpeleke Kilwa kwenye magofu, jirani anasema Mikindani panatosha. Je kuna planetariamu yoyote huku kwetu ata ndogo? Na kama hamna nifanyeje, maana magofu peke yake naona kama namdanganya, yeye anataka nyota.

Korosho Ghafi

Mpeleke baa ya mtaani kwetu wakati wa malipo ya korosho, mtu mmoja akikohoa vibaya anapigwa chupa, nyota ataziona mchana kweupe tena bure 😂😂

Mama Vitenge MTW

Nilijua tu utatokea wewe. Haya wenye akili endeleeni.

Bint Mikindani

Dada hongera kwanza kwa miaka kumi. Planetariamu huku kwetu hamna, Mtwara hamna Lindi hamna, usisumbuke kutafuta.

Mi navutia kwangu. Mikindani kutoka hapo mjini ni daladala tu, kama kilomita kumi na kidogo, hela yako yote inabaki kwenye kula. Kuna Boma la Mjerumani la 1895 lile jeupe pale juu, ukipanda unaiona ghuba yote, kuna zile nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, na hapo ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara 1866. Mnashuka pwani jioni mnakula samaki mnarudi nyumbani mnalala kitandani kwenu. Mtu anayeishi barabarani usimuongezee barabara.

Mzee wa Mbagala

Kwani kuna ubaya gani kuja Dar? Kuna mabichi, kuna makumbusho, kuna sinema, mnakula maisha mnarudi.

Bint Mikindani

Mzee wa Mbagala, Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita mia tano na hamsini, mtu ana siku mbili. Afu nyota za Dar ziko wapi? Taa tupu. Utaona mwezi na ndege zinatua.

Mpare wa Cape

Ngoja nichangie maana hii kitu nimeifanya laivu. Nilikuwa Cape Town kwa kozi, mke wangu akaja kunitembelea, tukatenga siku moja ya kuzunguka. Pale katikati ya mji kuna bustani ya zamani waliyoianzisha Waholanzi, pembeni yake kuna makumbusho ya Iziko na ndani yake ndo kuna planetariamu, wameifunga mitambo mipya ya kidijitali 2017. Mnaingia kwenye chumba cha duara, viti vinalala nyuma kama vya kinyozi, juu kuna kuba jeupe tupu halina kitu. Mtangazaji anaanza na jua linazama, unaona kabisa mji wao ule na mlima wao, taa za mji zinawaka, nyota chache chache tu. Afu anasema sasa nazima taa za mji. Akazima. Aisee nyota zilimwagika, ukumbi mzima ukasema aaah, wazungu kwa weusi, kuna mtoto nyuma yetu akaanza kulia.

Mke wangu mimi ni mtu wa Ruangwa. Akaniinamia akaniuliza, sasa hawa wanashangaa nini, si ndo kama nyumbani?

Tulipotoka tukapanda Bo-Kaap kwa miguu, ule mtaa wa Waislamu wenye nyumba za rangi rangi, kuna msikiti wa 1794 unaitwa Auwal, wa kwanza nchi ile, afu tukashuka kwenye ngome ya Waholanzi waliyoijenga kuanzia 1666. Siku nzuri sana sikatai. Ila nilichojifunza ni kwamba lile kuba lipo kwa ajili ya watu waliopoteza anga lao. Lina faida yake, anaweza kurudisha miaka nyuma, kukuonyesha mchana nyota za usiku, kukupeleka mpaka kwenye pete za Zohali. Lakini kama anachopenda shemeji ni kulala chali na kutazama, hicho kitu kusini kipo cha kumwaga. Wewe tafuta giza na mahali pazuri pa kwenda na hilo giza. Kura yangu Kilwa.

Mama Vitenge MTW

Jamani hapo kwa mkeo nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja kaniangalia. Asante sana. Ila Kilwa nyota na magofu vinahusiana nini? Nisije nikampeleka akaniambia umenileta kuangalia mawe.

Mwalimu Fizikia

Vinahusiana kuliko unavyodhani mama, tena hapa ndipo pa kumkamata dereva.

Kilwa Kisiwani ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala kule chini Msumbiji, dhahabu inapanda mashuani inaletwa Kilwa inaondoka kwenda Uarabuni na India, na kitambaa na vyombo vya Kichina vinarudi. Barabara yao ilikuwa bahari, na bahari haina kibao cha kilomita. Mchana una jua na rangi ya maji na ndege, usiku una nyota basi. Manahodha walikuwa wanapima kimo cha nyota kwa vidole, unanyoosha mkono unahesabu nyota iko vidole vingapi juu ya maji, baadae wakawa na kibao chenye uzi wa mafundo, kamali. Ukijua kimo cha nyota bandarini kwenu unajua umefika usawa wa kwenu au bado. Sasa huku kwetu kuna shida moja, nyota ya kaskazini ile inayosimama haionekani, iko chini ya upeo, Kilwa iko nyuzi kama tisa kusini ya ikweta. Kwaiyo wanaokuja huku ilibidi wajue nyota nyingine, na Ahmad ibn Majid yule nahodha wa Kiarabu wa miaka ya 1400 ameandika mambo haya kwa mashairi, mpaka njia ya Sofala aliitungia shairi lake. Mumeo na hao watu ni kazi moja, mizigo na usiku.

Na hiyo nyumba ya Uholanzi naijua, ipo mji wa Franeker. Eise Eisinga, fundi wa kuchambua sufi, sio profesa. 1774 sayari kadhaa zilisogeleana angani watu wakatangaziwa dunia inaisha, akaamua kutengeneza mfano darini watu waone kwamba ni mzunguko tu. Kamaliza 1781, meno ya magurudumu yake ni misumari ya kugongwa kwa mkono kama elfu kumi. Zohali yake inazunguka dari kwa miaka 29 kama ile ya kweli, na inaishia hapo kwa sababu sayari inayofuata, Uranus, iligunduliwa mwaka ule ule anamaliza. Inafanya kazi mpaka leo na 2023 UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia. Inasimuliwa pia kwamba timazi ya saa inayoendesha hizo sayari ilitakiwa ishuke mpaka usawa wa kitanda, mkewe akagoma kitanda kisitobolewe, jamaa ikabidi aifupishe timazi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye orodha hiyo hiyo ya UNESCO tangu 1981. Kwaiyo ukimpeleka Kilwa umempeleka daraja moja na video yake.

Dada wa Nachingwea

Huyo mke wa Mholanzi ni mwenzetu kabisa 🤣 sayari zako sawa kitanda changu usiguse

Makua Halisi

Mbona hamsemi Tendaguru, ipo Lindi hapa hapa. Mijusi mikubwa ya kale.

Mwalimu Fizikia

Makua Halisi, Tendaguru atakuta kilima na majani. Mifupa Wajerumani waliichimba 1909 mpaka 1913 wakaibeba, ipo Berlin imesimamishwa, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Tuidai kwanza ndo tupeleke wake zetu.

Nahodha wa Kivinje

Assalam aleikum. Nimesoma wote, naona mnamshauri dada bila kumuambia habari ya maji.

Dada unataka usiku wa giza, maana yake mwezi uwe haupo. Angalia kalenda ya Kiislamu, tarehe 27 mpaka 3 hivi, tafuta jumamosi inayoangukia hapo, au siku moja mbili pembeni. Lakini ujue siku hizo hizo ni bamvua, maji yanapwa sana na kujaa sana. Bamvua huku kwetu maji yanakauka saa nne saa tano asubuhi, jioni saa kumi yamejaa. Wageni wengi wanataka kuvuka asubuhi, wanafika kule chombo kinasimama mbali, watu wanapandisha suruali wanakanyaga matope na matumbawe, mama ameshika viatu mkononi ndoa inaanza kuyumba hapo hapo.

We fanya hivi. Panda basi la alfajiri Mtwara, waambie mnashukia Nangurukuru. Ni masaa manne matano. Pale kuna Noah na bajaji za Kilwa Masoko, kama kilomita thelathini. Saa sita mko Masoko. Kateni kibali kwanza ofisini, usiende pwani bila kibali, mpate na muongozaji hapo hapo. Kuleni. Saa saba na nusu saa nane maji yanapanda, mnavuka, mkifika chombo kinaingia mpaka karibu na Gereza, ile ngome ya zamani. Mwezi wa nane kusi inavuma mchana, mle ndani ya bandari pana hifadhi lakini maji yatawarukia, kwaiyo chukua boti ya mashine yenye maboya ya kuvaa na simu iweke kwenye nailoni. Jahazi la tanga linapendeza kwa picha, kwa siku moja litawachelewesha.

Kule anzeni na Husuni Kubwa ndo mbali, kama nusu saa kwa mguu, bahari imejaa kwaiyo pitieni njia ya juu. Mkirudi mnamalizia Msikiti Mkuu na jumba la Makutani na Gereza kwa sababu viko karibu karibu. Saa kumi na moja na nusu mko njiani kurudi, jua linazama mko kwenye maji. Bei ya boti patana kabla hujaingia, useme ni kwenda na kurudi na kusubiri, useme wazi wazi.

Mama Vitenge MTW

Baba hapo umenifungua macho, mi ningeenda asubuhi na kiatu cha kisigino. Husuni Kubwa ndo nini haswa?

Bint Mikindani

Nimeshindwa, mpeleke Kilwa. Husuni Kubwa nilifika na shule, ni jumba la sultani juu ya jabali linaangalia bahari, vyumba zaidi ya mia, na kuna bwawa la kuogelea la pembe nane la miaka ya 1300 mwanzoni. La pembe nane dada, watu wanaogelea kwa starehe kabla Vasco da Gama hajazaliwa. Sasa ivi halina maji ila ngazi zake zipo, unaweza kukaa pembeni ukajifanya malkia. Sultani mwenyewe al-Hasan bin Sulaiman walikuwa wanamuita Baba wa Zawadi kwa jinsi alivyokuwa anagawa, Ibn Battuta yule msafiri wa Morocco alimkuta 1331 akamsifia. Kaka dereva aambiwe hiyo habari, miaka kumi kaleta nini 😅

Mpare wa Cape

Na usisahau kumuambia habari ya sarafu. Kilwa ilikuwa inafua sarafu zake za shaba, mwaka 1944 askari mmoja Australia aliokota tano ufukweni kwenye visiwa vya Wessel kaskazini kabisa mwa nchi yao. Mpaka leo wanabishana zilifikaje. Mpe hilo swali mkiwa njiani kwenye basi, litamtosha mpaka Nangurukuru.

Dereva Mstaafu

Naomba niseme kama mtu wa usukani. Dada usimwambie aendeshe. Ata kama mna kagari kenu, panda basi, mkalishe dirishani. Miaka yote ile njia anaijua kwa mashimo yake, hajawahi kuangalia nje. Na usimuulize saa ngapi tutafika, hayo maswali anaulizwa na bosi kila siku.

Afu msirudi usiku jumapili. Amkeni taratibu, saa nne tano muwe Nangurukuru mnasubiri mabasi yanayotoka Dar, giza halijaingia mko Mtwara, jamaa analala vizuri jumatatu anaingia barabarani. Mtu asishike semi na usingizi kwa sababu ya mapenzi.

Mama Vitenge MTW

Dereva Mstaafu ubarikiwe, hilo la jumatatu ndo lilikuwa linaniumiza kichwa. Sasa nyota zenyewe tuziangalie wapi, Masoko si kuna umeme? Na kisiwani tunaweza kulala?

Nahodha wa Kivinje

Kisiwani rudini. Kuna kijiji cha watu, sio hoteli, kulala kunataka mipango na wenyeji. Laleni Masoko, gesti za bei ya kawaida zipo nyingi na za ufukweni zipo ila hizo zitakula bajeti yako, piga simu kabla. Jioni nendeni ufukwe wa Jimbiza, sogeeni mbali na taa mpaka mzipe mgongo, mbele ni bahari tu. Kaa sehemu ambayo gesti inajua mko wapi, usiende gizani kusikojulikana. Na kisiwani vaa heshima, ni kwa watu na misikiti, jifunge khanga ya pili. Maji ya kunywa beba.

Mwalimu Fizikia

Naongezea ya angani. Mwezi wa nane saa moja na nusu usiku giza limeshika. Mlale miguu ielekee kusini. Karibu utosini mtaona nge, mkia umejikunja kabisa na kile kinyota chekundu kifuani, hiyo haikosewi. Pembeni ya mkia ndipo ule mkanda mweupe wa nyota unapokuwa mnene, hapo mnatazama kitovu cha galaksi yetu yenyewe, na watu wa Ulaya wanakiona chini chini kwenye moshi, nyie kiko juu ya kichwa. Msalaba wa Kusini uwahini, uko chini upande wa kusini magharibi na unazama mapema. Kilimia wakati huo hakipo jioni, kinachomoza baada ya saa sita usiku, mkiweza kuamka kukisubiri ni nyie. Wazee wanasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, muulize mumeo kama mzee wake wa kwenye turubai alimfundisha na hiyo.

Macho yanataka kama dakika 20 mpaka nusu saa kuzoea giza, ukiwasha simu mara moja unaanza upya. Funika tochi na nailoni nyekundu. Apu ya Stellarium, ile ya ramani ya nyota, ipakue ukiwa Mtwara, weka mwanga mwekundu, lakini mi ningekuwa wewe nisingeitoa. Acha yeye ndo awe planetariamu, akuonyeshe.

Dada wa Nachingwea

Hapo kwa Mwalimu ndo penyewe. We jifanye hujui kitu ata kama umesoma uzi wote huu. Ukimsahihisha nyota umeharibu safari.

Korosho Ghafi

Na ukiona kitu kinatembea haraka angani sio nyota ni setilaiti, usije ukaomba ombi la kupata kitenge kipya

Mama Vitenge MTW

Korosho we subiri nikuone sokoni 😂

Wapendwa nimeamua, Kilwa. Nimeshaangalia kalenda, kuna jumamosi moja mwezi wa nane mwezi unakuwa umeandama siku mbili, nimeizungushia. Hesabu yangu nauli ya wawili kwenda na kurudi, gesti ya kawaida, kibali na muongozaji, boti ya mashine, kula, naona kama laki tatu itatosha na hamsini ya dharura, nahodha nisahihishe kama nimeota. Yeye nimemwambia tuna harusi ya ndugu yangu Kilwa, kashaanza kununa anauliza michango ya nini tena.

Nahodha wa Kivinje

Inatosha kama hamtaki gesti ya ufukweni. Boti ndo itakula, ukipata wageni wengine wawili watatu mkachangia inashuka sana, ulizeni pale pale ofisi ya kibali mkifika kuna nani anavuka. Nitumie ujumbe pembeni wiki moja kabla nikuambie upepo ukoje.

Dereva Mstaafu

Na hiyo ya harusi mwambie ukweli mkifika Lindi. Asije akavaa suti kwenye boti.